Sauti ya Mukunde: Ilyasi Amekata Nyimbo Zote

"...zote? Mzee Ilyasi, unasema zote?!"

"Zote, binti. Kumi na moja. Hata ile ndefu ya msibani nimeitoa. Nimekusafishia!"

Na anacheka! Jamani, mtu ananiua huku anacheka, meno yote nje, anaipangusa diski kwa pindo la kanzu yake kama anayekupa zawadi ya harusi!

Wiki iliyopita niliwaacha pale pale, mlangoni kwa Ilyasi, Nyabugogo hapa Kigali, mlango unafunguka na mimi nimeshika moyo. Mmenisumbua wiki nzima, hata wauza nyanya wananiuliza: Shami, diski ilikuwepo? Ilikuwepo! Haikuibiwa, haikuvunjika, iko mkononi kwake. Nilirukaruka kama mbuzi aliyesamehewa siku ya Idi. Sekunde tano za furaha. Nazikumbuka vizuri kwa sababu ndizo za mwisho.

Kwa wewe uliyeokota gazeti leo, sikia haraka haraka. Mimi ni Shami, nimesoma sinema chuoni miaka mitatu, na kazi yangu kwenye filamu ya Cherehani Tisa ilikuwa kubonyeza spika. Usicheke. Filamu ya nyimbo inapigwa hivi: wimbo unarekodiwa kwanza studio, halafu siku ya picha unaufungulia kwenye spika, mwigizaji anachezesha midomo juu yake. Mwigizaji wetu ni Alida. Mrembo, anacheza mpaka viatu vya watazamaji vinataka kutoka peke yake. Lakini Alida akiimba, mbwa wote wa mtaa wanajibu. Kwa hiyo sauti ni ya mtu mwingine. Ni ya Mama Mukunde, fundi cherehani wa Batsinda, mama mwenye rovu, uvimbe mkubwa shingoni.

Daktari alimwambia mapema: rovu tutaitoa, ila mishipa ya sauti iko karibu, unaweza kuamka huna sauti. Ndiyo maana alikubali kuimba! Alikuja studio siku tisa mfululizo, akaimba nyimbo kumi na moja, siku ya kumi akaenda kulala kwenye kitanda cha upasuaji. Rovu ikatoka. Sauti ikatoka nayo. Miezi minane sasa, pumzi tu.

Na hajawahi kujisikia! Rwema, mkurugenzi wetu, alimwahidi: Jumamosi, skrini kubwa, wewe umekaa mstari wa mbele, jina lako limeandikwa mwanzo na mwisho. Mama Mukunde akakataa kusikia vipande vipande kwenye simu. Alitaka yote, kwa mara moja, kwa sauti kubwa.

Siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Kompyuta ya Rwema, yenye filamu na rekodi zote za studio, ilikufa na mvua ya Kinyinya, hiyo mlisoma. Ikabaki diski moja tu duniani, hii anayoipangusa Ilyasi.

Kwa nini ilikuwa kwa Ilyasi? Kwa sababu Ilyasi ni mtu wa agasobanuye. Unamjua hata kama humjui. Anachukua filamu ya Kichina, ya Kihindi, ya Kimarekani, anakaa peke yake mbele ya mikrofoni, anasema watu wote kwa Kinyarwanda: polisi yeye, mwizi yeye, bibi harusi yeye. Miaka ishirini na sita. Filamu yetu ni ya Kiswahili, na Rwema alitaka na wale wasiosikia Kiswahili waelewe maneno.

Na aliyempelekea diski ni mimi. Shikeni hapo. Nitarudi hapo, hata kama sitaki.

"Kaa uone kazi," akaniambia Ilyasi, akanivutia kigoda. "Ilikuwa saa moja na dakika arobaini. Sasa hivi ni dakika thelathini na nane. Nyepesi kama karatasi!"

Akabonyeza.

Jina la filamu likapita. Zikaja cherehani tisa kwenye mstari. Mguu wa kwanza ukakanyaga, taka-taka-taka. Mguu wa pili ukaingia. Wa tatu. Pale ndipo Mama Mukunde anapovuta pumzi na wimbo wa kwanza unaanza...

Hop! Cherehani zimefunikwa, watu wanakula ugali.

"Mungu wangu," nikasema.

"Ngoja, bado."

Alida akasimama mbele ya kijana muuza vitambaa. Machozi yanamlenga. Akafungua mdomo: "Kuna kitu sijawahi kumwambia mtu..."

Hop! Wameoana. Mtoto ana meno manne.

"Mzee! Alimwambia nini?"

"Nani?"

"Huyu binti! Alimwambia nini huyu kijana?"

Ilyasi akakuna ndevu. "Si unaona wameoana? Atakuwa alimwambia anampenda."

"Alimwambia ana mimba ya mtu mwingine!"

"Acha!" Ilyasi akasogea mbele, kavutiwa kweli. "Kumbe huyu mtoto si wake?"

"Anamwambia kwenye wimbo wa tatu! Na mama yake anakufa kwenye wimbo wa saba!"

"Aaah. Nilijiuliza huyu mama amepotelea wapi. Nikasema kwenye mikrofoni kwamba amehamia Musanze."

Amehamia Musanze! Mama tuliyemlilia siku mbili nzima, Alida mpaka macho yakavimba, amehamia Musanze!

Rwema alikuwa na neno lake moja, alitusomea kila asubuhi kama sala: wimbo usiwe pambo, nataka filamu ambayo ukizitoa nyimbo inaanguka. Basi amefaulu. Imeanguka.

Nikaanza kumfundisha Ilyasi, mimi na cheti changu, kama vile kumfundisha kungerudisha kitu.

"Mzee, sinema ilikuwa bubu miaka thelathini na zaidi. Siku ilipopata sauti, unafikiri watu walitaka kusikia mtu anaagiza chai? Walitaka aimbe! Kamera yenyewe waliifungia ndani ya kibanda kama kuku, kwa sababu inanguruma na mikrofoni inasikia kila kitu. Halafu wakapata ujanja: rekodi wimbo kwanza, picha baadaye. Kamera ikatoka kibandani, ikapanda ngazi pamoja na wachezaji! Marekani wakajenga ngazi nyeupe ndefu kama kilima, wasichana hamsini wanashuka kwa hatua moja. Misri wakaimba. India wakaimba kuliko wote. Marekani mtu akimwazimisha nyota sauti, wanamficha, hata jina hawaandiki. India wanamtangaza, jina lake linajaza ukumbi! Sisi tulitaka kumfanyia Mama Mukunde kama India. Na sheria ni moja, Mzee: mtu anaimba pale maneno ya kawaida yanapomwishia. Jambo zito lote liko ndani ya wimbo. Lote!"

Ilyasi alinisikiliza mpaka mwisho. Ana adabu, hilo siwezi kumnyima.

"Binti, wewe umesoma," akasema. "Mimi nimekaa na watu. Enzi za kanda nilikuwa nasimama ukumbini na kipaza sauti, watu mia na hamsini, jasho. Wimbo wa Kihindi ukianza, wanainuka. Huyu choo, huyu sigara, huyu kuangalia baiskeli yake kama iko. Wimbo ni ruhusa ya choo! Sasa mimi nifanye nini? Nikisema juu ya wimbo, wananizomea, nimeharibu muziki. Nikinyamaza, wananizomea, nimelala. Nikakata. Tangu siku hiyo hakuna aliyenizomea. Kila filamu inayopita hapa, kwanza natoa nyimbo, ndipo nakaa kusema. Nyabugogo nzima inajua."

Nyabugogo nzima inajua. Mimi sikujua. Miaka mitatu ya chuo, historia ya nchi sita, na hakuna aliyenifundisha Ilyasi wa Nyabugogo anafanyaje kazi.

"Basi sawa," nikasema, nikajaribu kutabasamu. "Vipande ulivyovikata nipe, tutavishona wenyewe."

"Nimefuta."

"Umefuta wapi? Kwenye nakala?"

"Nakala gani? Kompyuta yangu imejaa. Nimefanya humo humo ndani ya diski yako, na nafasi iliyobaki nimewekea mteja wangu mfululizo wa Kikorea, sehemu themanini. Atakuja kuzinakili jioni."

"Juu ya nyimbo?!"

"Juu ya nafasi, binti. Nyimbo hazikuwepo tena."

Chuoni hilo walitufundisha. Kilichofutwa kinaweza kurudi, ila kikiandikwa juu yake kingine, basi. Sehemu themanini za Wakorea wanalia kwenye mvua, juu ya sauti ya Mama Mukunde.

"Lakini nani alikuambia ukate?" Nilipiga kelele mpaka mwenye duka la jirani akachungulia. "Nani?"

Ilyasi akaniangalia kwa upole. Heri angenipiga.

"Wewe, binti. Ulikuwa hapo mlangoni, simu sikioni, motari wa pikipiki anakupigia honi. Nikakuuliza, niifanye vipi hii? Ukasema, aah Mzee, wewe fanya kama unavyofanya siku zote."

Nilisema. Nilisema huku nacheka! Nilikuwa namwambia Alida kwenye simu habari ya viatu.

Nimewaambia nitarudi hapo. Ndiyo hapo.

Ilyasi akaona uso wangu, akaacha kucheka. "Kwani vipi? Si Alida ataimba tena?"

"Si Alida anayeimba."

"Ni nani?"

"Mama Mukunde. Fundi. Wa Batsinda."

Akakaa. Alikaa polepole kama mtu anayetafuta kiti gizani, na kiti kilikuwa nyuma yake tu.

"Mukunde aliyemshonea binti yangu gauni la harusi? Aliyeimba mlangoni bibi harusi akitoka, watu wakasahau kupiga picha?"

"Huyo huyo."

"Huyo aliyefanyiwa upasuaji?"

"Huyo huyo, Mzee."

"Lakini ningemjua! Ile sauti ningeijua hata usingizini!"

"Sasa hukuisikia?"

Akatazama mikono yake. "Mimi nakata kwa macho," akasema. "Sauti nazima. Nikiona midomo inaanza kuimba, nakata. Wallahi, nimekaa nayo siku mbili nzima humu ndani na sikuisikia hata mara moja."

Hapo ndipo nikakumbuka. Nikapiga kelele nyingine, hii ya furaha, yule jirani akachungulia tena.

Spika! Ile spika yangu! Nyimbo za kuchezeshea midomo zilikuwa kwenye flashi, flashi imechomekwa kwenye spika, na spika siku ya mwisho ya picha niliiacha Kinyinya, kwenye lile jengo la ghorofa tulilopigia ngoma ya mwisho! Msimamizi wa jengo, Valens, aliniomba: dada, tuachie, watu wangu wanafanya kazi vizuri ikiimba. Zote kumi na moja zimo! Picha haina shida, tutapiga upya, Alida yuko hai, cherehani ziko hai!

Sikumuaga hata Ilyasi. Nilimwacha amekaa na diski mapajani.

Niko juu ya pikipiki, helmeti inanuka jasho la watu mia, simu inaita. Rwema.

"Shami, diski umeipata?"

"Nimeipata!" Ni kweli. Niliipata.

"Asante Mungu. Wageni wote wamekubali. Mama Mukunde amemaliza gauni lake, nimeliona, usiseme kitu, ni la kijani. Kazi ya Ilyasi ni nzuri?"

"Ni... nyepesi."

"Nyepesi?"

"Upepo, Rwema! Sikusikii!" Nikakata. Na mimi siku hiyo nilikuwa nakata, kumbe.

Kinyinya vumbi jekundu na misumari. Jengo limekua! Tulipopiga picha lilikuwa na ghorofa mbili na mbingu, sasa ni tatu na nguzo za ya nne. Valens nilimkuta chini anapima mchanga kwa jicho. Mrefu, kofia ya njano, alikulia Kampala, Kiswahili chake kinatembea na viatu tofauti.

"Dada wa spika! Karibu! Tulikukumbuka sana!"

"Valens, spika iko?"

"Iko."

Nikamkumbatia! Pale pale, na saruji yake!

"Ila," akasema, mikono bado juu, "iko ndani."

"Ndani ya stoo?"

Alinipandisha ngazi, ghorofa ya kwanza, ya pili, ya tatu. Akanipeleka mpaka kwenye nguzo moja ya kona, ngumu, ya kijivu, imeandikwa kumi na nne kwa rangi. Akaipiga na kiganja, kama mtu anavyompiga ng'ombe wake ubavuni.

"Ndani hapa."

Nilicheka. Nilidhani ni utani wa mafundi.

"Dada, sikia. Wiki tatu zimepita. Spika tuliitundika juu ya mbao za nguzo, iko inaimba, watu wangu wanamwaga zege. Mtetemo umeiangusha. Imeingia ndani, puu. Mimi nimesema simama! Lakini gari la zege liko linazunguka, zege haingoji mtu, ikikauka ndani ya gari ni msiba mwingine. Wamemwaga."

"Na ikanyamaza."

"Hapana. Hiyo ndiyo ilitutia hofu. Iliendelea! Zege inapanda, na yule mama anaimba ndani ya mbao, chini chini, kama mtu aliye chumba cha pili. Imemaliza wimbo mmoja mzima. Halafu basi. Watu wengine walivua kofia."

Nikaweka sikio kwenye nguzo. Mnaona niliko? Msichana mwenye diploma, sikio kwenye zege, mafundi kumi na wanne wamesimama wananiangalia na hakuna hata mmoja anayecheka.

Baridi tu. Hakuna kitu. Juu yake wameshaweka ghorofa.

"Ungeniambia, Valens."

"Nilijua ni spika tu, dada. Nimeshakutafutia nyingine mpya, nzuri kuliko ile. Iko kwenye boksi."

Alitaka kunipa. Mungu amwangalie, alitaka kabisa kunipa.

Nikakaa chini nikalia, kilio cha kelele, siwezi kudanganya. Ndipo fundi mmoja mfupi, Nshimiyimana, akaja akachuchumaa mbele yangu na simu yenye kioo kilichopasuka.

"Dada, mimi nilirekodi kidogo. Kumtumia mke wangu, asikie tunavyofanya kazi na muziki. Si zote. Ni sekunde arobaini."

Nikamnyang'anya!

Ikaanza. Pumzi. Mama Mukunde anavuta pumzi, ile yake ndefu kabla ya mstari wa kwanza, naijua kama nijuavyo jina langu. Halafu: "Nikikanyaga, dunia..."

Halafu mafundi kumi na wanne. Wote kwa pamoja! Wanaimba naye, juu yake, kwa nguvu za mabega, na nyundo na koleo, waaa, sekunde thelathini na saba. Yeye yuko chini kabisa. Ukijua yuko, unamsikia. Usipojua, ni wanaume wanaofurahi.

"Tuliupenda sana," akasema Nshimiyimana. Alikuwa anaomba radhi.

Nikaichukua hiyo sauti kwenye simu yangu. Sekunde tatu, jamani. Siku tisa za kuimba, na dunia imebakiwa na sekunde tatu, na moja kati ya hizo tatu ni pumzi.

Kutoka Kinyinya mpaka Batsinda si mbali. Nilitamani iwe mbali. Nilimwambia motari aende polepole, akaniangalia kama mgonjwa, hakuna abiria anayesema hivyo Kigali.

Mama Mukunde alikuwa kibarazani, cherehani mbele yake, na lile gauni la kijani limetundikwa mlangoni, limepigwa pasi, mikono yake imejaa kidogo mabegani kama ya wanawake wa kwenye filamu za zamani. Kovu la shingoni kalifunika na kitambaa cha rangi hiyo hiyo. Aliponiona akainuka, akanikumbatia, akanipigapiga mgongo. Akanionyesha kigoda.

Tangu upasuaji anaongea kwa chaki. Chaki ya fundi, ile bapa, juu ya kitambaa cheusi mapajani. Anaandika, unasoma, anafuta na kiganja.

Mimi nikafungua mdomo na habari zikamwagika, zote isipokuwa moja! Nikamwambia Alida amenunua viatu, nikamwambia jengo la Kinyinya limefika ghorofa ya tatu, nikamwambia wageni wamekubali, nikamwambia gauni, mama, gauni hili utawaua watu Jumamosi! Nikajisikia ninavyoongea. Kama spika ndani ya nguzo.

Akainua kidole. Nyamaza.

Nikanyamaza. Na kwa kuwa siwezi kunyamaza, nikatoa simu. "Mama, nimekuletea zawadi. Kidogo tu. Najua ulisema hutaki vipande, ila hiki... sikiliza tu."

Akaichukua. Akaiweka sikioni kwa mikono miwili.

Niliusikia kwa mbali: pumzi, maneno mawili, halafu kelele za wanaume. Uso wake haukubadilika. Akanirudishia simu, akaonyesha: anza tena. Nikaanza tena. Maneno yakaanza, akaonyesha: rudisha. Nikarudisha. Mara ya nne nikaelewa. Hakutaka maneno. Alikuwa anairudia ile pumzi. Kila ikivutwa, na yeye kifua chake kinapanda, kinapanda mpaka juu, kinangoja.

Na hakuna kinachotoka.

Mara kumi na moja. Sikuhesabu kwa makusudi, jamani, ila nilihesabu.

Mwisho akaweka simu juu ya meza ya cherehani, akavuta kitambaa cheusi, akaandika.

ILYASI ALIKUJA.

Akafuta.

SAA SITA. AMELIA HAPO ULIPOKAA.

Kumbe alijua! Muda wote nasema viatu, nasema ghorofa, alijua! Alijua na akanikumbatia na akanipa kigoda!

"Mama, mimi nilikuwa nataka kukuambia..."

Kidole tena. Akafuta, akaandika polepole, herufi za mtu aliyeacha shule mapema na kuipenda.

ANASEMA NI UJINGA WAKE PEKE YAKE. HAKUNA ALIYEMWAMBIA AKATE.

Ilyasi! Mzee wa watu, miaka ishirini na sita hajazomewa, amepanda basi kutoka Nyabugogo kuja kuniokoa mimi, aliyemwacha bila hata kwaheri! Jumamosi Rwema atasimama mbele ya watu na kumtaja jina, na kila mtu wa agasobanuye mjini atajua nani aliiua sauti ya Mukunde. Na yeye amekubali. Kilichobaki ni mimi kunyamaza tu. Kunyamaza! Kazi nyepesi kuliko zote duniani, na siku zote imenishinda.

Mama Mukunde akafuta mara ya mwisho. Akaandika neno moja na alama.

KWELI?

Akanisukumia chaki.

Nina sauti, jamani! Mimi kati yetu wawili ndiye mwenye sauti! Nilifungua mdomo na hakikutoka kitu. Chuoni walisema maneno yakimwishia mtu, anaimba. Kwenye filamu ndipo hapa cherehani zingeanza, mguu wa kwanza, mguu wa pili. Nilingoja. Jirani alikuwa anakwangua sufuria. Hakuna wimbo ulioanza.

Nikachukua chaki.

Niliandika neno moja chini ya lake. Akalisoma. Akasimama, akaenda mlangoni, akalishusha lile gauni la kijani, akarudi nalo, akafungua droo ya cherehani na kutoa mkasi mkubwa.

Mhariri amenipa ukurasa wa kesho pia, kwa sababu nimemwambia nikingoja wiki nzima nitapasuka. Basi kesho mtaliona neno langu kama lilivyokuwa, na mtajua ule mkasi ulikata nini. Leo niacheni, bado nina chaki kwenye vidole.